Jagi la Kuonja

Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana na watu wachache tu: yeye mwenyewe, karani wa mishahara na daktari. Wengine wote walimwita Mama Kiganja. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wa chuo cha ualimu, ambako alikuwa mpishi mkuu kwa miaka thelathini na moja, na walimbandika kwa sababu ya namna yake ya kuonja. Hakupata kuonja kwa kijiko kama wapishi waliosomea. Aliinua mwiko, akadondosha tone zito la mchuzi katikati ya kiganja cha kushoto, akalipuliza mara moja, akalilamba, akafumba macho. Kisha ama alinyoosha mkono kwenye ndoo ya chumvi, ama alisema "haya," na hapo ndipo chakula kilipohesabika kuwa kimeiva. Jiko zima lilisubiri haya yake. Kabla hajaitamka, hakuna aliyethubutu kugusa kifuniko.

Alikuwa mnene, na ni heri lisemwe waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema waziwazi, tena kabla hujamwahi. Akikutana na mtu mlangoni, alimwambia apite kwanza yeye aliye mwembamba, la sivyo watahitaji seremala. Wageni waliocheka kwa kuogopa aliwaambia wacheke vizuri, mwili ni wake na ruhusa wanayo. Utani huo ulimtumikia miaka mingi. Ulimfunika kama aproni, na watu waliamini kwamba mtu anayejicheka hivyo hana linalomuuma.

Lililomuuma lilikuwa ghorofani. Binti yake wa pekee alikuwa amehamia nyumba ya ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake iliharibika zamani hata mlango wake ukageuzwa mahali pa kubandika matangazo ya vyumba vya kupangisha. Ngazi zilikuwa sabini na mbili. Mama Kiganja hakuzihesabu, aliambiwa. Siku ya kwanza alijaribu, akafika ya kumi na tano, magoti yakagoma na moyo ukamdunda hadi masikioni. Majirani wanne walimshusha kwa taratibu kama watu wanaohamisha kabati. Tangu siku hiyo binti alimkataza asijaribu tena.

Kwa hiyo kila Jumapili, kwa miaka minne, alikwenda hadi chini ya jengo, kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Fundi alimwekea kiti kipana kisicho na mikono, na hakumruhusu mtu mwingine kukikalia siku hiyo. Mama Kiganja alipiga simu, na binti akashuka na chupa ya chai mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Mjukuu wake wa kike alizaliwa, akakaa, akatambaa, akasimama, yote hayo juu kule, naye akaletewa habari chini. Mtoto alipoanza kusema, alimsimulia juu ya kitanda chake kilichobandikwa picha za bata. Mama Kiganja alimuuliza bata wangapi. Mtoto alimwambia aje awahesabu.

Ndipo alipokwenda hospitali kuulizia operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula.

Daktari mpasuaji alikuwa mtu mfupi wa maneno. Alimpima, akasoma majibu ya damu na ya moyo, akasema operesheni inamfaa. Kisha akasema hatamfanyia akiwa na kilo mia moja thelathini na nane. Kwanza apunguze kumi. Alimpa wiki kumi na mbili na tarehe kabisa, akamweleza kwamba orodha ni ndefu: akishindwa, nafasi yake anapewa anayefuata, na yeye anarudi mkiani, jambo ambalo si chini ya mwaka mmoja na nusu.

Mama Kiganja alitaka kujua ni akili gani hiyo. Angekuwa anaweza kujipunguza kilo kumi kwa hiari, angekuja hapo kutafuta nini? Daktari hakucheka. Alichukua karatasi akamchorea tumbo, na juu yake akachora ini. Ini la mtu mwenye mafuta mengi, alimweleza, linavimba na kuwa zito, linalalia mfuko wa chakula. Kulinyanyua ni hatari, kwa kuwa linachanika upesi na linavuja damu. Mtu akila vizuri wiki hizi chache, ini ndilo la kwanza kunywea, na mikono ya mpasuaji inapata pa kupita. Hapo Mama Kiganja alielewa. Sufuria ikijaa mpaka ukingoni, mwiko haugeuki. Angelimwambia hivyo tangu mwanzo, asingebishana.

Alipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, binti mwembamba wa umri wa kuwa mwanawe, mwenye meza iliyopangwa vyakula vya plastiki vya kufundishia. Mama Kiganja alikiokota kipaja cha kuku cha plastiki, akakigeuzageuza, akakirudisha kwa masikitiko. Binti alimpa mpango: mayai ya kuchemsha, mboga za majani, kuku asiye na ngozi, matunda kwa kiasi, sukari basi, mkate basi, vya kukaanga basi. Akampa na daftari la kuandika kila atakachokula, kikubwa na kidogo.

Na alifuata. Msomaji asije akadhani vinginevyo, maana ndilo kosa alilofanya binti wa lishe. Alikunywa chai kavu akikunja uso. Mkebe wa biskuti uliokaa kando ya kitanda chake tangu afiwe na mumewe aliugawa kwa watoto wa jirani, mkebe na vilivyomo. Mchana, wafanyakazi wa jikoni wakikaa na sahani zao zilizojazwa kama kilima, yeye alikaa na yai lake moja na majani yake, akala taratibu, akaandika: yai moja, mboga kikombe kimoja, maji. Usiku alilala njaa akiwa na fahari.

Wiki ya tano alikwenda kupimwa. Alikuwa amepungua nusu kilo.

Binti wa lishe alimpima mara ya pili, akaujaribu mzani wenyewe kwa kuupanda yeye. Mzani haukuwa na kosa. Akakaa, akafungua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akaliweka chini na kuuliza kwa sauti ya upole inayokera kuliko kelele.

"Mama, haya ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Mama yangu, mimi sikugombezi. Lakini mtu anayekula hivi kwa wiki tano angekuwa ameshapungua kilo nne, tano. Kama kuna kitu unakula pembeni, niambie tu, tukipange."

Mama Kiganja alimtazama. Katika maisha yake aliwahi kuitwa mengi, lakini hakuwahi kuitwa mwongo, tena na mtoto ambaye angeweza kumbeba mgongoni. Alichukua daftari lake, akasema ahsante kwa sauti ya mtu asiyeshukuru, akaondoka. Njia nzima machozi yalimlengalenga, na alijichukia kwa hilo.

Sasa imempasa msomaji amfahamu Kipimo. Huyu alikuwa msaidizi wake jikoni, mwanamume wa makamo aliyesomea upishi na kufanya kazi hotelini kabla hoteli haijafungwa. Alining'iniza kikombe cha kupimia kwenye kamba ya aproni yake, na hakutia kitu sufuriani bila kukipitisha kwenye kikombe hicho au mzani mdogo uliokuwa dirishani. Kwa miaka minane Mama Kiganja alikuwa akimtania. Alisema Kipimo hata siku ya harusi yake aliingia na kamba ya kumpimia bibi harusi, asije akapunjwa. Kipimo alitabasamu tu na kuendelea kusawazisha chumvi kwa kisu juu ya kijiko.

Kwa hasira ya siku ile, Mama Kiganja alimfanya Kipimo shahidi. Alimsimulia yote, akamuuliza: wanashinda pamoja tangu alfajiri hadi alasiri, je, amewahi kumwona akila kitu pembeni? Kipimo alifikiri kwa muda mrefu kupita kiasi. Kisha akajibu kwamba kwa kweli hajamwona akila. Akageuka akaendelea kuchambua mchele, na Mama Kiganja akaridhika.

Kesho yake kazi ilikwenda kama kawaida. Saa kumi na moja alfajiri walikuwa wamekwisha washa majiko. Sufuria mbili za uji, moja ya chai ya maziwa, na wanafunzi mia tatu na arobaini wakijipanga dirishani na vikombe vyao. Baadaye maharage, wali, kabichi, na kwa kuwa ilikuwa siku ya nyama, nyama yenye viazi. Mama Kiganja alizunguka sufuria hadi sufuria, mwiko mkononi, kiganja wazi. Aliona Kipimo anamfuata nyuma karibu karibu kuliko siku nyingine, akadhani anafuta meza. Alimwambia apishe, mgongo wake hauna macho.

Saa tisa vyombo vilikuwa vimeoshwa. Mama Kiganja alikaa kwenye benchi akavua viatu, miguu ikimwaka moto. Kipimo akaja na jagi la plastiki, lile la lita mbili lenye mistari ubavuni, akaliweka mbele yake. Lilikuwa limefika mstari wa lita moja na nusu. Ndani mlikuwa na uji uliotuama chini, juu yake kitu cha kahawia kilichochanganyika na punje za wali na majani ya kabichi, vipande vya nyama na viazi vikiwa vimezama nusu, na utando wa mafuta umeelea.

Mama Kiganja aliuliza nani kaacha makombo juu ya meza iliyokwisha futwa.

"Si makombo, dada," Kipimo alisema. "Ndicho ulichoonja leo."

Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Kipimo alimweleza akiwa ametazama chini, kama mtu anayepeleka habari za msiba. Kila mara alipodondosha kiganjani, naye alichota kiasi hichohicho akatia jagini. Alipokula kipande cha nyama kuangalia kama imelainika, naye alitia kipande. Alipovunja kiazi kuona kama kimeiva, naye alitia kiazi. Alikuwa ameandika kwenye karatasi: mara sitini na tatu, vipande saba vya nyama, viazi vitatu, na wali vijiko ambavyo alipoteza hesabu yake mwishoni kwa sababu maharage yalikuwa yanafurika.

"Huko ni kuonja," alisema Mama Kiganja. "Kuonja si kula."

"Najua, dada. Ila tumbo lenyewe haliambiwi."

Alisimama, akalimwaga jagi lote kwenye ndoo ya makombo, akavaa viatu bila kufunga kamba, akaondoka bila kuaga. Tangu hapo hakumsemesha Kipimo. Ilipobidi kumwagiza kitu alikiagiza kwa sufuria: alisema sufuria hii inataka maji, au sufuria ile ingefurahi ikipunguziwa moto, na Kipimo, ambaye hakuwa mtu wa makuu, aliinuka akaitendea sufuria ilichotaka.

Lakini mtu anaweza kumnunia Kipimo, hawezi kulinunia jagi. Alilala akiliona. Alihesabu siku za kazi kwa wiki, wiki kwa mwaka, miaka thelathini na moja, akaacha kuhesabu. Alikumbuka namna alivyowaambia watu, na aliamini, kwamba unene wake ni wa ukoo, kwamba yeye hata maji yanamnenepesha. Alikumbuka sahani yake ndogo ya yai na majani na jinsi alivyoinua shingo akiila. Na kilichomwuma zaidi ni kwamba jina lake lenyewe lilikuwa linasema. Chuo kizima kilikuwa kinamwita kwa jambo lile, naye anaitika.

Siku ya tatu alifungua daftari na kuandika kwa herufi kubwa: KUONJA. JAGI MOJA NA NUSU YA LITA. KILA SIKU. Akafikiri, akafuta neno jagi, akaandika vizuri: lita moja na nusu. Akalipeleka kwa binti wa lishe bila kusubiri siku yake.

Binti alisoma, akauliza maana yake, akaelezwa. Akalifunga daftari.

"Mama, naomba unisamehe," alisema. "Nilidhani unanificha."

"Hata mimi nilijificha, mwanangu. Ila sikujua."

Zilikuwa zimebaki wiki sita na kilo tisa na nusu. Binti hakumdanganya, alimwambia ni mlima. Alimwambia pia kwamba jagi lile likiondoka, mlima wenyewe unapandika.

Kuacha kuonja. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo. Mama Kiganja alirudi jikoni akasimama mbele ya maharage ya watu mia tatu na arobaini akiwa kipofu wa ulimi. Mkono uliokuwa ukirusha chumvi bila kufikiri sasa ulifikiri. Alirusha, akasita, akashuku, akarusha tena. Siku hiyo chumvi ilizidi, wanafunzi wakarudisha sahani zikiwa zimejaa. Mkuu wa chuo mwenyewe alikuja dirishani na sahani yake mkononi, akauliza kwa adabu kama leo mama haumwi. Heri angegomba. Siku iliyofuata mchuzi ulikuwa maji matupu, hauna hata dalili ya chumvi.

Siku ya tatu mwiko ulikuwa mkononi, na kabla hajajua, tone lilikuwa limekwisha kaa kiganjani. La moto, la kahawia, lenye harufu ya vitunguu vilivyokaangwa vikakubali. Jiko lilinyamaza, au yeye ndiye aliyeacha kusikia. Tone moja. Nani angejua? Na hapo alijua jambo ambalo daftari halikuwa na mstari wake. Tone la kwanza la alfajiri, wakati dunia imelala na uji ndio kwanza unachemka, halikuwa la kazi. Lilikuwa la kwake. Tangu mumewe afe, hilo ndilo jambo la kwanza la joto lililomgusa kila siku. Alisimama na tone lake mpaka likapoa. Kisha akalifuta kwenye aproni.

"Kipimo," aliita, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ya jagi. "Lete ulimi wako hapa."

Kipimo alikuja na kijiko, akaonja, akasema sawa.

"Sawa gani? Mimi sikukuuliza habari za asubuhi. Umeionja mpaka wapi?"

Kipimo hakuelewa swali. Miaka yote aliamini kikombe, hajawahi kuulizwa na ulimi. Mama Kiganja alimwambia aweke kijiko, atoe kiganja. Akamdondoshea tone, akamwamuru alipulize, alilambe, afumbe macho, na asiseme sawa. Aseme inakuja au haiji, inaishia mbele ya ulimi au inafika nyuma kwenye mataya, inakaa au inakatika. Kipimo alifumba macho kwa muda mrefu hata mkata mboga akaacha kukata.

"Inakuja," alisema. "Halafu inakatika."

"Inakatika haraka?"

"Haraka."

"Basi bado chumvi."

Alipotaka kurusha, Kipimo alimshika mkono. Alileta mzani wa dirishani, akamwomba arushe humo kwanza. Alirusha. Akaiandika, akamwaga, akamwambia arushe tena, na tena. Mara tatu sindano ya mzani ilisimama palepale. Kipimo alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama kwa miaka minane, akachukua chaki akaandika ukutani: chumvi ya maharage, mkono wa dada mara nne. Chini yake akaandika gramu, maana bila hizo asingelala.

Hivyo ndivyo walivyopika wiki zile, mkono wa mmoja na ulimi wa mwingine. Ukuta ulijaa chaki. Siku nyingine walikosea, siku nyingi hawakukosea, na ikafika wiki ambayo sahani zilirudi tupu na hakuna mwanafunzi aliyejua kwamba aliyepika hakukionja chakula hata kidogo. Kipimo alikua mjuaji kupindukia, akaanza kurudisha chai mwenyewe kwamba "inakatika". Mama Kiganja alimwambia asije akamharibia jina, kiganja ni kimoja jikoni humu.

Na kilo zilianza kwenda. Wiki ya kwanza mbili, iliyofuata moja na nusu. Halafu moja. Halafu wiki moja haikutoka hata robo, akarudi nyumbani amekufa moyo, akafungua mlango akaugombeza kwa nini unalia. Wiki mbili za mwisho zilikuwa za maji: maziwa ya unga aliyopewa hospitali, supu iliyochujwa mpaka ikaona haya, chai kavu. Njaa ilimfuata kila alikokwenda, hata usingizini. Alikuwa mkali kwa kila kiumbe. Alipiga magoti akaomba, kwanza kilo zipungue, kisha apewe subira, mwishowe aliomba tu siku iishe. Binti yake alimpigia kila jioni na kuuliza anaendeleaje. Alijibu yupo.

Siku ya tarehe aliyopewa alipanda mzani wa hospitali akiwa amevua viatu, saa, hereni na kilemba. Binti wa lishe alisoma: mia moja ishirini na nane na gramu mia nne. Gramu mia nne zilizozidi. Mama Kiganja aliuliza kama nywele zina uzito, wampatie mkasi.

Walimpeleka kwenye mashine ya picha, akapakwa kitu cha baridi tumboni, na daktari mpasuaji akaja mwenyewe kutazama. Alitazama kioo kwa muda, akakigeuza ili naye aone. Hakuona kitu ila mawingu ya kijivu. Daktari alisema ini limenywea vizuri kuliko alivyotarajia, na kwamba yeye hapasui mzani. Alazwe Jumatatu.

Kabla hajatoka, binti wa lishe alimkalisha amweleze maisha ya baadaye. Baada ya operesheni, alisema, mwanzoni maji tu, kisha laini, na hata akipona kabisa chakula chake hakitazidi vijiko vichache kwa wakati mmoja. Anaweka kidogo mdomoni, anakisikiliza, anatulia, anangoja kabla ya kuongeza.

"Hiyo kazi nimeifanya miaka thelathini na moja," alisema Mama Kiganja, "mkaja mkaniachisha. Sasa mnanirudishia?"

Binti alicheka mpaka akashika meza. Mama Kiganja alicheka pia. Lakini alipofika nje hofu ilimwingia, hofu ya kweli, iliyokuwa haijapata nafasi wakati akihangaika na kilo. Watafungua tumbo lake. Watu hulala mezani pale wasiamke. Alitia sahihi karatasi iliyosema hivyo. Na kama ni yeye ambaye hataamka, basi atakuwa amekufa bila kuona mahali anapolala mjukuu wake.

Jumapili alikwenda kwenye jengo la binti yake kama kawaida. Fundi cherehani alimvutia kiti. Alimshukuru, akaweka mkoba wake juu ya kiti badala ya kukaa, akamwomba amtunzie. Hakupiga simu. Aliingia mlangoni, akapita lifti na matangazo yake, akashika chuma cha ngazi.

Ngazi ya kumi na tano aliipita bila kuisalimu. Ghorofa ya kwanza alipumzika akihesabu hadi mia. Ya pili alikaa kabisa, kwenye ngazi yenyewe, na kijana aliyekuwa akishuka alimuuliza kama anahitaji msaada. Alimwambia anahitaji faragha. Kati ya ya pili na ya tatu magoti yalianza maneno yao, naye akayajibu kwa sauti. Alikuwa amepunguza karibu kilo kumi, mfuko wa mchele wa nyumba ya watu wengi, na kila ngazi alijiambia mfuko ule angekuwa ameubeba sasa hivi. Ghorofa ya tatu alilia kidogo kwa uchovu. Akafuta uso, akasubiri moyo urudi mahali pake, akaendelea. Ilimchukua muda ambao binti yake angetumia kupika na kula.

Mlango ulikuwa wa bluu. Alikuwa hajui ni wa bluu. Akabisha.

Mtoto ndiye aliyefungua. Alimtazama bibi yake kuanzia viatu hadi kilemba, akachungulia nyuma yake kule ngazini, akamtazama tena. Kisha akageuka akakimbilia ndani akiita:

"Mama! Bibi wa chini amekuja juu!"

Bibi wa chini. Mama Kiganja alishika mwimo wa mlango. Aliyajua majina yake yote, ya mapenzi na ya kejeli, hata yale ambayo wanafunzi walidhani hayasikii. Hili hakuwahi kulisikia. Alielewa mara moja, hakuhitaji kufafanuliwa. Mama mzaa baba wa mtoto alikuwa akija, akipanda, akilala siku mbili tatu, na huyo ndiye aliyekuwa bibi. Yeye alikuwa yule wa kibarazani. Tangu mtoto aanze kusema jina hilo lilikaa huku juu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumshushia.

Binti yake alitoka jikoni mikono imelowa, macho yamemtoka. Alimuuliza amepandaje, nani kamleta, mbona hakupiga simu, kesho si ndiyo siku yenyewe, anataka kujiua? Kisha alikumbuka alichoita mtoto, akainamisha uso, akaanza kuomba radhi, kwamba ni mtoto tu, hawakumfundisha. Mama Kiganja alimwinulia kiganja kumnyamazisha. Pumzi za kusemea alikuwa nazo chache, na alizitaka kwa kitu kingine.

"Nionyeshe bata," alimwambia mjukuu.

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja, pazia la njano. Kitanda kilikuwa kifupi kuliko alivyokifikiria. Binti aliwahi na kiti cha meza ya chakula, akakiweka, naye akakaa hapo, akatazama mahali ambapo mtoto huyu alikuwa akilala usiku wote wa maisha yake. Mtoto alimsogelea, akashika kidole chake kimoja.

"Bibi wa chini, utarudi chini?"

"Nitarudi. Kesho naenda hospitali, nitalala huko siku kidogo." Alivuta pumzi. "Nikipona nitapanda tena. Lakini wewe usingoje mpaka nipone. Kuanzia leo niite bibi tu."

Mtoto alifikiri, akamwangalia vizuri, akakubali. Kisha akaanza kumhesabia bata, mmoja mmoja, akiwagusa kwa kidole, na alipofika kwa wa tano, aliyebanduka bawa, akamwambia bibi amsaidie kumbandika.